Upepo wa Kaskazi: Jinsi Watu wa Pwani Walivyokaa na Joto

Nchi moja yaweza kuwa na hewa mbili, na watu wa kila hewa hudhani ya kuwa yao ndiyo ya kawaida. Sisi tuliolelewa Kipkelion, katika vilima vilivyo zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, tumezoea asubuhi za ukungu, mvua ya alasiri, na usiku ambao hapana mtu alalaye bila blanketi. Nyumba za mababu zetu Wakipsigis zilikuwa za mviringo, zenye kuta za udongo, paa nene la nyasi na mlango mdogo. Moto ulikokwa ndani, na kazi kubwa ya nyumba ilikuwa ni kuzuia joto lisitoke. Kijana wa kwetu ashukapo Mombasa kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Februari huvua sweta, hufungua vifungo vya shati, hununua maji ya kunywa, kisha hutoa hukumu: hapa si mahali pa kukaa binadamu.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Binadamu wamekaa katika miji ya Pwani kwa zaidi ya miaka elfu moja. Walijenga, walifanya biashara, walisoma, walitunga mashairi, nao hawakuwa na mashine ya kupoza hewa wala pangaboi la umeme. Basi swali lifaalo kuulizwa na mwanafunzi wa historia ni hili: walikaaje? Jibu lake limo katika nyumba zao, katika mavazi yao na katika saa zao. Nalo jibu hilo latuhusu hata sisi wa milimani, kama itakavyoonekana.

Kwanza yafaa kujua joto lenyewe ni la namna gani. Joto la jangwani ni kavu. Jasho likitoka hukauka mara moja, na kukauka kwake huupoza mwili. Joto la Pwani lina unyevu mwingi. Katika miezi ya Februari na Machi hewa ya Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi wakati wa mchana, na usiku haishuki sana. Nyuzi hizo si nyingi zikilinganishwa na za Maskati, ambako wakati wa kiangazi hupita 40. Lakini hewa iliyojaa mvuke wa bahari haina nafasi ya kupokea mvuke mwingine. Kwa hiyo jasho hubaki juu ya ngozi, na mtu huhisi kama aliyefunikwa kwa nguo mbichi. Katika hali hiyo dawa ni mbili tu, kivuli na upepo. Kivuli huzuia jua lisiongeze joto jingine, na upepo huiondoa hewa iliyoshiba mvuke na kuleta nyingine mahali pake. Mambo yote niyatajayo chini ni njia za kutafuta vitu hivi viwili.

Upepo ndio ulioigawa kalenda ya Waswahili. Kuanzia Desemba hata Machi huvuma kaskazi, upepo utokao upande wa Arabuni na Bara Hindi. Hii ndiyo majira ya joto kali. Kisha huja masika yenye mvua nyingi, na pamoja nayo kusi, upepo utokao kusini, wenye nguvu na ubaridi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti huitwa kipupwe, na wakati huo hata mzee wa Lamu hujifunika shuka usiku. Baadaye huja mvua chache za vuli, na kaskazi hurejea.

Sasa tazama jambo moja la ajabu. Kaskazi ile iliyoleta joto ndiyo iliyoleta riziki. Majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Uhindi yalisukumwa na upepo huo mpaka Lamu, Malindi, Mombasa, Unguja na Kilwa, yamebeba tende, vyombo vya kaure, nguo na mazulia. Yalingoja mpaka upepo ugeuke, kisha yakarejea kwa kusi yakiwa na pembe za ndovu, boriti za mikoko na nafaka. Kwa hiyo miezi ya jasho ilikuwa ndiyo miezi ya soko kubwa, ya nyumba kujaa wageni na ya mikataba kufungwa. Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ilikuwa na maana ya kweli katika bandari hizo. Watu wa Pwani hawangeweza kulikimbia joto bila ya kuikimbia neema yao. Ilibidi wajifunze kukaa nalo.

Mmoja wa wageni walioletwa na bahari hiyo alikuwa Ibn Battuta, msafiri wa Tangier katika nchi ya Moroko. Alipita Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja kabla ya kuendelea mpaka Kilwa. Alitaja ndizi na malimau ya kisiwa hicho, na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Alieleza pia ya kuwa karibu na milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi na vyombo vya mti vya kutekea, na kwamba watu waliokuwa wakienda miguu mitupu walinawa miguu kabla ya kuingia. Hayo yalikuwa ni sharti ya ibada na usafi. Lakini mtu aliyetembea juu ya mchanga wa moto, kisha akamimina maji ya kisima juu ya miguu yake, ajua ya kuwa ibada hiyo ilikuwa na raha yake pia.

Baada ya hapo ujenzi wa mawe ulizidi kuenea. Ushahidi wake waonekana Gedi, karibu na Malindi, mji uliokaliwa tangu karne ya 12 hivi na kuachwa katika karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwenye kutembea Gedi huona nyumba zilizobanana, njia nyembamba, nyua zilizozungukwa na kuta, na visima vingi. Kule Kilwa, katika karne ya 14, Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alijenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linalokabili bahari, mahali pa kupokea upepo, na ndani yake akaweka birika la kuogea lenye pembe nane.

Lakini mahali pazuri zaidi pa kujifunza ni Lamu, kwa kuwa huko watu wangali wakiishi katika nyumba za namna hiyo. Njia za Lamu ni nyembamba, hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Mgeni hufikiri ya kuwa wajenzi walikosa nafasi. La, walitaka nyumba ya upande huu itie kivuli njia ya upande wa pili. Jua la saa nne haliifikii ardhi, na mwenye kwenda sokoni hutembea kivulini. Mahali pengine chumba hujengwa juu ya njia, kikiunganisha nyumba mbili. Chumba hicho huitwa wikio, na chini yake hupita hewa baridi kama ya pangoni.

Mlangoni mwa nyumba pana daka, yaani ukumbi mdogo wenye mabaraza ya mawe pande zote mbili. Hapo wanaume huketi alasiri, wakipokea upepo wa njiani na habari za mji. Kutoka daka mtu huingia katika kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, ambao huipa nyumba mwanga na hewa. Hewa iliyopata moto hupanda na kutoka kwa juu, na hewa ya vyumbani huvutwa kufuata. Mbele ya ua vyumba virefu hufuatana kimoja nyuma ya kingine, na kila kimoja kina giza na ubaridi kuliko kilichotangulia. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene karibu nusu mita, nazo huchelewa kupata moto. Zimepakwa chokaa nyeupe, ambayo huurudisha mwanga wa jua ulikotoka. Upana wa chumba haukuchaguliwa kwa anasa. Ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haiwezi kubeba dari pana zaidi ya mita tatu hivi. Jiko halikuwekwa chini, bali juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi na moto wake visiingie vyumbani. Na mgeni aliyeletwa na kaskazi aliwekewa chumba chake, kiitwacho sabule, penye njia yake mwenyewe, asije akawasumbua watu wa nyumbani katika miezi yote aliyongoja upepo.

Katika chumba cha kuogea palikuwa na birika la maji. Wenye nyumba waliweka samaki wadogo ndani ya birika, na chini yake wakajenga bakuli la kaure la Kichina, ili maji yakipungua samaki wapate mahali pa kukaa. Samaki hao walikula viluwiluwi vya mbu. Tulikumbuke birika hili, kwa maana tutalirudia.

Si kila mtu aliweza kujenga kwa mawe. Watu wengi walikaa katika nyumba za udongo na miti zilizoezekwa kwa makuti. Tusizidharau. Paa la makuti halishiki moto wa jua kama bati lishikavyo. Hewa hupenya kati ya majani yake, na baina ya ukuta na paa huachwa upenyo ambao hewa ya moto hutokea. Kitanda kilikuwa cha kamba zilizowambwa, na hewa ilipita chini ya mwenye kulala. Maji ya kunywa yalitiwa katika mtungi wa udongo uliowekwa kivulini penye upepo. Mtungi hutoa jasho lake, na maji ya ndani hupoa. Paa hilo lilikuwa na aibu yake moja kubwa: lilishika moto upesi, na nyumba moja ikiungua iliweza kuunguza mtaa mzima.

Saa nazo zilipangwa. Mvuvi alitoka alfajiri kwa umande, upepo mwanana utokao bara, akarudi kwa upepo wa bahari ulipoanza kuvuma mchana. Mkulima alilima kabla ya jua kupanda. Adhuhuri maduka yalifungwa, watu wakala, wakasali, wakalala. Alasiri mji uliamka tena, na mazungumzo yakaendelea mpaka usiku. Mtu wa bara aliyefika saa saba na kuukuta mji umelala alisema ya kuwa watu wa Pwani ni wavivu. Hakuwaona walipokuwa kazini saa kumi na moja ya alfajiri, naye yeye mwenyewe alikuwa usingizini. Mavazi yalifuata hesabu ileile: kanzu nyeupe iliyolegea, kikoi, leso nyepesi, nguo zinazousitiri mwili bila ya kuufunga.

Hata hivyo historia haituruhusu kusimulia raha peke yake. Kivuli hicho hakikugawanywa kwa haki. Mawe ya nyumba hizo kubwa yalikatwa, chokaa ikachomwa, na maji yakatekwa kwa mikono ya watumwa wengi. Katika karne ya 19, bwana alipojinyosha adhuhuri katika chumba chake cha giza, watumwa walikuwa juani katika mashamba ya nafaka ya Malindi na ya karafuu ya Unguja na Pemba. Joto lilikuwa moja. Maarifa ya kulikwepa yalijulikana kwa wote. Lakini ruhusa ya kuyatumia ilikuwa ya wachache. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kwa hiyo tunapoisifu nyumba ya mawe, na tuulize siku zote ni nani aliyekaa ndani na ni nani aliyekuwa nje.

Sasa tuwatazame wageni kutoka Ulaya, ambao walilifahamu joto hili kwa namna nyingine. Wareno walipozingirwa na Waomani katika Ngome ya Yesu, Mombasa, tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, maradhi yaliua watu wengi zaidi ya silaha. Mwaka 1844 mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huohuo homa ilimwua mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Wazungu wa siku zile waliamini ya kuwa homa hutoka katika hewa yenyewe ya nchi za joto. Hata jina la malaria maana yake katika Kiitaliano ni hewa mbaya. Walakini, angalia mwezi. Julai ni kipupwe, wakati Pwani ina hewa njema kuliko miezi yote. Joto lilishtakiwa kwa kosa ambalo halikulitenda. Mwaka 1897, huko Uhindi, Ronald Ross alionyesha ya kuwa vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Hapo ndipo tunapolirudia birika la Lamu. Sidai ya kuwa wenye nyumba wale walijua siri ya malaria. Yatosha kusema ya kuwa walimjua mbu kuwa ni adui, wakamwekea mlinzi.

Hofu ya hewa ya Pwani haikuisha upesi. Kwa miaka mingi Mzungu wa nchi za joto alivaa chepeo nene, na wengine walishona vitambaa vya kukinga uti wa mgongo, wakidhani miale ya jua itawadhuru ubongo. Na hofu hiyo iliyafikia maisha yetu sisi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa la Viktoria mwezi wa Desemba 1901, ikipita katika stesheni iliyoitwa Lumbwa, ambayo leo ndiyo Kipkelion. Wakuu wa serikali waliopanda gari la moshi waliona hewa ya milimani inafanana na ya kwao. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali yalihamishwa kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Kamishna Charles Eliot, aliyetawala tangu 1900 hata 1904, aliwaita walowezi waje. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 ilifungua njia ya kuwapa mashamba. Ilisemwa ya kuwa Pwani ni ya joto, haimfai Mzungu, na kwamba nyanda za juu ndizo zimfaazo. Faida ya reli na tamaa ya ardhi zilikuwa sababu kubwa; lakini hoja ya hewa ndiyo iliyozivika sababu hizo nguo nzuri. Wakipsigis walipoteza sehemu za ardhi yao kwa walowezi, na baada ya mwaka 1920 kwa makampuni ya chai. Hivyo kijana wa Kipkelion asidhani ya kuwa joto la Mombasa ni habari ya watu wengine. Kwa sehemu fulani, joto hilo lilipanda gari la moshi likaja kutunyang'anya malisho.

Hebu tuzitazame siku zetu. Nimepata kuona katika shule moja ya Pwani darasa jipya la matofali ya saruji, lenye paa la bati lisilo na dari, na madirisha madogo yaliyofuata ramani ya nchi ya baridi. Ilipofika saa sita mchana watoto walisinzia juu ya madawati, na mwalimu alikuwa akifuta jasho kuliko alivyokuwa akifuta ubao. Mwishowe aliwatoa wote, akawafundisha chini ya mwembe uliokuwa uani. Mwembe ule ulikuwa na kivuli na upepo, vitu viwili ambavyo mjenzi alivisahau. Yeye hakuwa mjinga; alikuwa amesoma vitabu vya kwingine na kuupita mji wa babu zake bila ya kuusoma.

Kusahau huko ni hatari zaidi leo kuliko jana, kwa maana dunia yenyewe inazidi kupata joto. Mwaka 1998 maji ya bahari yetu yalipata moto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe na kufa. Matumbawe ndiyo jamaa ya mawe yaliyojenga Gedi na Lamu. Nyumba yangali imesimama, na mzazi wa nyumba anaugua. Wenye fedha wataweza kununua mashine za kupoza hewa, lakini mashine hizo huutoa moto ndani na kuutupa nje, kwa jirani asiye nayo. Hilo ni jambo la zamani katika sura mpya: mmoja kivulini, mwingine juani.

Vijana msomao kurasa hizi, baadhi yenu mtakuwa waashi, wengine walimu, wengine madiwani wa miji. Mtapelekwa kufanya kazi katika hewa msizozaliwa nazo. Mfikapo, msianze kwa kutoa hukumu. Ulizeni upepo hutoka wapi katika mwezi gani, na wazee huketi upande gani wa nyumba alasiri. Watu wa Pwani hawakulishinda joto, wala hawakudai kulishinda. Waliutambua upepo ulioleta taabu na neema pamoja, wakaufungulia mlango, wakaupitisha uani, wakautoa kwa juu. Kosa lao lilikuwa kutowapa wote nafasi katika kivuli hicho. Maarifa yao tuyarithi. Kosa lao tusilirithi.